Mtu Aliyeifichua Sumu ya Kipindupindu

Hotuba ya walimu wa sayansi wa shule za kambi, iliyosomwa mbele ya wakazi na wageni katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani



Kamati ilitutaka sisi walimu wa sayansi tuseme neno juu ya afya, kwa kuwa masika yamepita na kila mmoja wetu anajua masika huacha nini nyuma yake. Tungeweza kuwasomea tena yale maagizo yaliyobandikwa mlangoni mwa zahanati: nawa mikono, chemsha maji, tumia choo. Lakini hayo mmekwisha kuyasikia hata watoto wameyafanya wimbo wa kurukia kamba. Kwa hiyo tumekubaliana kuwasimulia maisha na kazi ya mtu mmoja, mtaalamu wa bakteria, ambaye jina lake hatukulisikia hata chuoni tulikosomea ualimu. Tulifundishwa habari za Koch, tukafundishwa za Pasteur, tukaziandika na kuzikariri. Huyu hakuwamo. Anaitwa Sambhu Nath De.

Alizaliwa tarehe 1 Februari 1915 katika kijiji cha Garibati, wilaya ya Hooghly, jimbo la Bengal huko India, wakati nchi hiyo ingali chini ya Waingereza. Kwao hakukuwa na mali. Alisoma kwa kusaidiwa na ndugu na kwa ufadhili wa masomo aliopata kwa sababu ya bidii yake, akaingia Chuo cha Udaktari cha Calcutta, akamaliza mwaka 1939. Mji huo tangu mwaka 2001 unaitwa Kolkata, lakini hapa tutautaja kama yeye alivyoutaja. Mwaka 1947 alikwenda London kufanya utafiti chini ya Profesa Roy Cameron, akapata shahada ya juu kabisa mwaka 1949. Kisha akarudi nyumbani.

Alirudi kwenye mji wa namna gani? Mwaka 1947 India ilikuwa imegawanywa, na Bengal ikakatwa vipande viwili. Watu kwa maelfu wakavuka mpaka kutoka Pakistan ya Mashariki, ambayo leo ni Bangladesh, wakaingia Calcutta na vifurushi vyao kichwani. Kituo cha gari la moshi cha Sealdah kiligeuka kambi. Familia zilipika pale, zililala pale, zilizalia pale. Na hospitali ya Chuo cha Nil Ratan Sircar, ambako De alifanya kazi aliporudi, iko karibu na kituo hicho. Ninyi mliotoka Fizi, Uvira na Baraka, nanyi mliovuka kutoka Burundi, hamhitaji mwalimu wa kuwaeleza ni ugonjwa gani unaowafuata watu waliolundikana bila maji wala vyoo. Wodi za kipindupindu hazikuwa na nafasi. De hakulazimika kusafiri ili kuutafuta ugonjwa wa kuuchunguza.

Sasa tunaomba mtuvumilie kidogo, maana lazima turudi nyuma ili mfahamu alikuta nini. Mwaka 1854 Mwitaliano Filippo Pacini aliwaona vijidudu vya kipindupindu kwa hadubini huko Florence, wala hakuna aliyemsikiliza. Mwaka 1883 na 1884 Mjerumani Robert Koch aliwafuata hadi Misri na Calcutta, akawatenga, akawaonyesha dunia. Aliwakuta hata katika maji ya bwawa walilotumia watu kunywa na kufulia. Koch alihisi pia kwamba vijidudu hao hutoa sumu inayofanya kazi ndani ya utumbo. Alihisi tu, hakuweza kuthibitisha. Baada yake watafiti wakaitafuta sumu hiyo kwa miaka 75. Wengi waliamini kwamba imo ndani ya mwili wa kijidudu chenyewe na hutoka kijidudu kinapokufa na kuoza, kisha huingia katika damu na kumwua mgonjwa. Wakawadunga wanyama kwenye mishipa na matumboni. Wanyama walikufa, naam, lakini hawakuharisha. Na ugonjwa wa kipindupindu bila kuharisha ni kama mvua bila maji.

De aliuliza swali ambalo sisi tunaona ni la mtu aliyekaa kando ya kitanda cha mgonjwa na kutazama. Huyu mtu anakufa kwa sababu maji yamemtoka. Katika kipindupindu kikali mgonjwa aweza kupoteza lita nzima kwa saa moja, kinyesi kikiwa kama maji yaliyooshea mchele. Basi kwa nini tuitafute sumu katika damu? Tuitafute pale pale maji yanapotokea, yaani katika utumbo mwembamba.

Kipimo alichokitunga ni rahisi, na hatujui kama wengine hapa watatuamini. Alimchukua sungura, akamlaza kwa dawa ya usingizi, akafungua tumbo, akafunga kipande cha utumbo mwembamba kwa uzi huku na huku, kama mtu anavyofunga mfuko wa nailoni pande mbili. Ndani ya kipande kile akadunga vijidudu vya kipindupindu kwa bomba la sindano. Kipande kingine cha utumbo wa sungura yule yule akakitia mchuzi mtupu usio na vijidudu, ili alinganishe. Akashona, akangoja hadi kesho yake. Alipofungua, kipande chenye vijidudu kilikuwa kimevimba, kimejaa maji yale yale ya mchele. Kile kingine kilikuwa kimenywea kama kawaida. Matokeo hayo aliyatangaza mwaka 1953 pamoja na mwenzake D. N. Chatterje.

Wanafunzi wa kidato cha juu, hapo pana somo lenu la kulinganisha. Sungura yule yule, siku ile ile, mkono ule ule, tofauti ni kitu kimoja tu. Hapakuwa na mashine. Palikuwa na uzi, sindano, mnyama anayefugwa hata hapa kambini, na mtu aliyefikiri kabla ya kushika kisu.

Mwaka 1956 alionyesha kwamba aina fulani za bakteria wa tumboni waitwao E. koli nao hufanya kipande cha utumbo kijae maji vivyo hivyo. Jambo hilo lilipita bila kelele, ingawa leo twajua kwamba bakteria hao ni miongoni mwa wanaowaharisha sana watoto wadogo katika nchi kama zetu.

Kisha likaja jambo kubwa. De aliwaotesha vijidudu vya kipindupindu katika mchuzi, halafu akauchuja mchuzi ule hata asibaki kijidudu hata kimoja. Maji yaliyochujwa akayatia katika kipande cha utumbo wa sungura. Utumbo ukajaa! Hapakuwa na kijidudu, na bado ugonjwa ulikuwapo. Maana yake ni kwamba kijidudu akiwa hai huitoa sumu yake nje, na sumu ile peke yake yatosha kuufungulia utumbo maji. Aliandika hayo katika jarida la Nature la Uingereza, tarehe 30 Mei 1959. Makala yenyewe ni fupi. Mwaka huo huo N. K. Dutta na wenzake huko Bombay nao walikuwa wamekaribia jambo hilo kwa njia nyingine, wakitumia watoto wa sungura, na ni haki kuwataja.

Mtasema, mwalimu, sumu ikiwa ndani au nje inatuhusu nini sisi tunaopanga foleni bombani? Inatuhusu sana, na hapo ndipo tulipotaka kufika.

Maadamu sumu ndiyo inayofanya kazi, na kazi yake ni kuziamuru seli za utumbo zimwage chumvi na maji, basi utumbo wenyewe haujaoza wala kuchanika. Uchunguzi wa wagonjwa uliofanyika Bangkok na kutangazwa mwaka 1960 ulithibitisha kwamba ukuta wa utumbo wa mgonjwa wa kipindupindu ni mzima. Ni kama nyumba ambayo mlango mmoja umefunguliwa kwa nguvu na maji yanatoka, lakini milango mingine ingali inafanya kazi. Na mlango mmoja katika hiyo mingine wafaa kupita mingine yote: sukari aina ya glukosi inapoingia katika seli za utumbo huingia pamoja na chumvi, na chumvi huvuta maji. Sumu ya kipindupindu haiugusi mlango huo. Mwaka 1960 Mmarekani Robert Crane alieleza jinsi sukari na chumvi zinavyoshikana mikono kupita hapo. Mwaka 1968 madaktari Richard Cash na David Nalin, wakiwa Dhaka, walionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu walionyweshwa maji yenye sukari na chumvi kwa vipimo walihitaji dripu chache sana kuliko wenzao.

Lakini wakubwa wengi hawakuamini. Walisema hiyo ni dawa ya kijijini, tiba yenyewe ni dripu.

Ikaja vita ya mwaka 1971. Watu wapatao milioni 10 walikimbia kutoka Pakistan ya Mashariki kuingia India. Milioni kumi, ndugu zetu. Chukueni kambi hii muizidishe hata mchoke. Katika mji wa mpakani wa Bangaon kipindupindu kiliwavamia. Daktari wa watoto, Dilip Mahalanabis, aliwakuta katika hospitali yenye vyumba viwili na vitanda 16, wagonjwa wamelala sakafuni, na ili kuwafikia ilibidi kupiga magoti katika kinyesi na matapishi. Watumishi wake waliojua kutundika dripu walikuwa wawili tu, na chupa za dripu zilikuwa zikiisha. Aliona kwamba atashindwa. Basi akaamua kutumia maji ya kunywa, bila kungoja ruhusa ya wale waliokuwa wakibishana mezani. Huko Calcutta wenzake walipima gramu 22 za glukosi, gramu 3.5 za chumvi ya kawaida na gramu 2.5 za magadi ya kuokea, vipimo hivyo vikiwa vya lita moja ya maji, wakazifunga katika mifuko ya nailoni. Mchanganyiko uliwekwa katika mapipa yenye koki. Mama wa mgonjwa, au dada, au mume, alichota kwa kikombe na kumnywesha mtu wake. Na kwa kuwa watu waliamini dripu peke yake, Mahalanabis na wenzake waliwaambia kwamba haya ni maji yale yale ya dripu, ila haya hunywewa.

Kabla ya hapo wagonjwa wapatao 30 katika kila 100 walikuwa wakifa. Kati ya zaidi ya wagonjwa 3,000 waliotibiwa kwa maji yale, waliokufa hawakufikia 4 katika 100. Waliofanya kazi hiyo kwa sehemu kubwa hawakuwa madaktari. Walikuwa ndugu wa wagonjwa, wakimbizi kama sisi.

Pakiti ya ORS tunayopewa zahanati ni mjukuu wa mifuko ile ya Bangaon. Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliieneza, mwaka 2002 wakaipunguza chumvi na sukari ili iwafae zaidi watoto, na tangu mwaka 2004 wanashauri mtoto anayeharisha apewe pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Akina mama, vile vidonge vidogo msivitupe mtoto akipata nafuu siku ya tatu.

Hapa tunafika kwenye maneno ya kwetu wenyewe, na tunaomba tusameheane tukisema wazi, maana hotuba ya kubembelezana haina faida.

Wapo kati yetu waliopita Goma mwezi Julai 1994. Watu kati ya 500,000 na 800,000 waliingia kutoka Rwanda kwa siku chache, mahali penye mawe ya volkeno ambapo choo hakichimbiki, na maji yaliyokuwapo ni ya Ziwa Kivu. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu wapatao 50,000, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Wataalamu waliokuja kutoka Bangladesh kusaidia waliandika baadaye kwamba vifo vingi vilitokana na wagonjwa kurudishiwa maji polepole mno, maji ya kunywa kutotumika vya kutosha, na wahudumu wengi kutokuwa na uzoefu wa ugonjwa ule. Tiba ya Bangaon ilikuwa na umri wa miaka 23. Ilijulikana. Haikufika mdomoni mwa mgonjwa kwa wakati. Na jambo jingine: vijidudu vya Goma vilikuwa sugu kwa tetrasaiklini, na vile vya kuhara damu vilikuwa sugu kwa karibu kila dawa iliyokuwapo.

Na mwezi Mei 2015, ndugu zetu kutoka Burundi walipokwama Kagunga, kile kijiji kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, wagonjwa wa kipindupindu walifika 3,000 na waliokufa wakazidi 30, huku meli ya Liemba ikienda na kurudi kuwahamisha. Baadhi ya waliokuja na meli ile wamekaa hapa mbele yetu.

Basi tuulizane. Kwa nini hadi leo mtu akianza kuharisha maji nyumbani kwetu, familia hufunga mlango na kusema ni tumbo la kawaida? Tunajua kwa nini. Mtu akipelekwa kwenye lile hema lililozungushiwa shitingi, majirani hawaji tena kuomba moto, na mama wa maandazi hapati mnunuzi mwezi mzima. Aibu ina nguvu kuliko ugonjwa. Lakini wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua, na kipindupindu huumbua kwa muda wa saa chache tu.

Kwa nini tukifika zahanati tukapewa maji ya ORS tunanung'unika kwamba tumedharauliwa, wenzetu wametundikiwa dripu? Dripu ni ya yule aliyekauka hata hawezi kunywa, ambaye macho yametumbukia na mapigo ya mkono hayasikiki. Huyo asicheleweshwe hata dakika. Anayeweza kunywa, anywe. Ni maji yale yale, ila mlango ni mwingine.

Na kwa nini vidonge vya rangi mbili vinauzwa sokoni kwa kuhesabiwa mkononi, viwili viwili, kwa kila anayesema tumbo linamsokota? Antibayotiki katika kipindupindu kikali hupunguza siku za kuharisha, na mganga ndiye anayejua ipi bado inafaa. Hazimrudishii mtu maji. Tukizimeza mbili leo na moja kesho tunawafundisha vijidudu kuzizoea, na Goma tumekwisha kuona mwisho wa masomo hayo.

Yapo pia maneno yanayopita bombani kwamba klorini inaua uzazi. Tumefundisha miaka mingi katika kambi hii, na madarasa yetu ya kwanza yana wanafunzi zaidi ya mia kila moja, wote wamezaliwa na wazazi wanaokunywa maji ya klorini. Hatuna ushahidi mwingine wa kuleta.

Hata hivyo, tusiwatwike wakazi mzigo wote. Wageni wetu wa mashirika mtatuvumilia. Kiwango mnachokitaja ninyi wenyewe katika vitabu vyenu ni lita 20 za maji kwa mtu mmoja kwa siku. Kuna zoni ambako koki hutoa maji kwa saa chache, na anayefika mwisho wa foleni hurudi na ndoo tupu, halafu hushuka mtoni. Mtu huyo hakukosa elimu ya usafi. Alikosa maji. Twaomba jambo hilo lisemwe hivyo katika taarifa, lisiandikwe tena kwamba jamii haina mwamko.

Turudi kwa De. Mtadhani mtu aliyefanya kazi ya namna hii alipewa medali na nyumba ya ghorofa. Haikuwa hivyo. Tangu mwaka 1955 alikuwa mkuu wa idara katika Chuo cha Udaktari cha Calcutta, akifundisha, akifanya utafiti kwa vyombo alivyokuwa navyo, na utafiti mwingine akiufanyia Taasisi ya Bose mjini humo. Hakuweza kuisafisha sumu aliyoifichua. Walioisafisha walikuwa Richard Finkelstein na Joseph LoSpalluto huko Dallas, Marekani, mwaka 1969. De alistaafu mwaka 1973. Hakuna chuo cha heshima cha wanasayansi wa nchi yake kilichomwingiza kuwa mwanachama. Mwamerika Joshua Lederberg, aliyekuwa mwenyewe na Tuzo ya Nobel, alimpendekeza kwa tuzo hiyo zaidi ya mara moja, hakuipata. Mwaka 1978 wakuu wa Nobel walipoitisha mkutano juu ya kipindupindu huko Stockholm walimwalika. Mzee akawaambia waliohudhuria kwamba yeye alikuwa amekufa tangu mwanzo wa miaka ya 1960, na kwamba mkutano ule umemfukua. Alifariki dunia tarehe 15 Aprili 1985, akiwa na miaka 70. Mwaka 1990 jarida moja la sayansi la India lilitoa toleo zima la kumkumbuka.

Hata Mahalanabis, aliyefariki Oktoba 2022, nchi yake ilimpa nishani kubwa mwaka uliofuata, yeye hayupo. Sisi haya hatuyapendi. Tunayasema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu wahudumu wetu wa afya ya jamii, wanaotembea na begi la ORS kwa posho ndogo, nao wako hai sasa hivi, wamesimama kule nyuma karibu na mwembe. Wapigieni makofi.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne alituuliza darasani kama mtu wa kambi aweza kuwa mtaalamu wa bakteria, au hayo ni ya Wahindi na Wazungu. Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka, maana swali ni zito. Tulimjibu kwa Mkongo mwenzetu, Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyezaliwa mwaka 1942 katika mkoa wa Bandundu wa wakati ule. Mwaka 1976 ndiye aliyekwenda Yambuku akachukua damu ya wagonjwa bila glavu, kabla ugonjwa haujaitwa Ebola. Mwaka 1995 huko Kikwit yeye na wenzake waliwatia wagonjwa 8 damu ya watu waliopona, na 7 wakaishi. Wataalamu wengi wa nje walilitilia shaka jambo hilo. Lakini kutokana na damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit ilitengenezwa dawa iitwayo mAb114, ikajaribiwa Kongo mwaka 2018 na 2019, ikaonekana kuokoa maisha, na mwaka 2020 Marekani ikaidhinisha itumike. Ebola ni virusi, si bakteria, hilo wanafunzi wetu wanajua. Tulimtaja kwa sababu naye alirudi nyumbani.

Ila kumjibu mtoto kwa hadithi ya mtu mwingine hakutoshi. Kijana yule atamaliza kidato cha sita, atapata cheti, halafu ataketi kibarazani. Shule zetu za sekondari hazina hadubini hata moja. Kijidudu cha kipindupindu tunakichora ubaoni, mfano wa alama ya mkato, chenye mkia mmoja. Hatuombi maabara ya vioo. Tunaomba hadubini moja kwa shule zote, iwekwe chini ya ulinzi wa Kamati, na tunaomba zahanati iwapokee wanafunzi wawili wawili siku za Alhamisi wakati wa likizo, wakae na mtaalamu wa maabara na kutazama anavyofanya. Barua ya ombi hilo tulimkabidhi Mwenyekiti asubuhi hii, na nakala zipo kwa kila shirika.

Dakika zetu zimekwisha. Pale mezani wanafunzi wameweka ndoo yenye koki, sabuni, sukari na chumvi. Mahali pakiti ya ORS imekosekana, ni lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa kwa kisu, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, basi. Chumvi ikizidi hudhuru, kwa hiyo onjeni: yasiwe na chumvi kupita machozi. Tunaomba kila kiongozi wa kijiji apite mezani achanganye kwa mkono wake mwenyewe huku watoto wakimtazama, tukianza na zoni ya kwanza. Mzee mwenye kofia nyeupe, karibu utangulie.